Sura ya Saba: Majembe Yaliyolazwa

Havyarimana alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono imefungwa mbele. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi likafumba kabisa, na kila alipovuta pumzi alikunja uso. Sungusungu wa Bugarama walikuwa wamemshughulikia kabla ya kumleta mjini Ngara, na sungusungu wakimshughulikia mtu huwa hawana haraka.

Inspekta Jovina Nshoma alivuta stuli akaketi mbele yake. Koplo Frednand alibaki mlangoni, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Mke wako Felisita yuko wapi?"

"Yuko Kaniha. Kwa shangazi yake."

"Jana nilikuwa Kaniha," Jovina alisema. "Nimekwenda hadi huko Biharamulo na kurudi kwa ajili yako. Shangazi yake hajamtia machoni tangu Pasaka."

Havyarimana alitazama sakafu.

"Ameua wawili huyu, afande," Frednand alisema. "Kamuua mkewe, yule mama wa mradi akagundua, akamuua na yeye. Jambo lenyewe liko wazi."

Kwa Frednand mambo yalikuwa wazi siku zote, ndiyo maana alilala vizuri. Secilia, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali wagonjwa wa kansa ya titi wa mradi wa Daktari Bonaventura, alikutwa wiki iliyopita amelala kifudifudi kwenye mafunjo ya bonde la Bugarama. Upande wa kichwa ulikuwa umebonyea, jeraha moja tu, la duara. Aliyeikagua maiti alisema ni rungu. Havyarimana alichunga ng'ombe wa watu na alikuwa na rungu. Baiskeli ya Secilia ilikutwa nyumbani kwake. Tena alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, ameoa Mhangaza na anaishi nje ya kambi bila kibali. Kwa watu wengi hilo la mwisho lilitosha, hayo mengine yalikuwa nyongeza.

"Baiskeli ilifikaje kwako?"

"Aliiacha. Gurudumu lilipata pancha."

"Alikuja kufanya nini?"

Havyarimana alitazama mikono yake iliyofungwa.

"Sikiliza, Havyarimana. Saa nane mchana lori linaondoka na wanaorudishwa ng'ambo, Burundi. Jina lako limo. Wakubwa wameona kesi itawachosha, wakakumbuka kwamba huna kibali. Wewe ulitoroka jeshini kule. Unajua watakufanya nini."

"Najua."

"Basi niambie jambo dogo tu. Asubuhi ile Secilia alipouawa ulikuwa wapi? Ukinipa mtu mmoja aliyekuona, lori litaondoka bila wewe."

Mtu yule alinyanyua uso. Jicho lake lililobaki lilimtazama Jovina kwa muda, likahamia kwa Frednand, likarudi chini.

"Oya," alisema, na hiyo oya ya kwao maana yake ni hapana. "Acha niende, afande."

Jovina alitoka nje akasimama barazani. Alikuwa amehoji waongo wengi katika kazi yake, na mwongo mwenye roho yake mkononi huongea hadi koo likauke. Atasingizia jirani, atasingizia shetani, atamsingizia hata mama yake. Huyu alipewa mlango wa kutokea akaufunga mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa anamlinda, na mtu huyo alikuwa na uhusiano na asubuhi ile.

"Washa gari," alimwambia Frednand. "Tunaanza na daktari."

*

Kliniki ya mradi ilikuwa mwisho wa mji, karibu na kizuizi cha barabara iendayo mpakani. Daktari Bonaventura aliwapokea akiwa amesimama, koti jeupe limepigwa pasi, uso umejaa kero. Hakwenda kwenye mazishi ya Secilia. Alisema alikuwa na kazi.

"Mmeniachia pengo kubwa," alisema, utadhani polisi ndio waliomuua. "Mwezi ujao wageni wanakuja kusikiliza matokeo, na sina mtu wa kupanda milima."

"Pole," alisema Jovina bila kumhurumia hata chembe. "Nieleze kazi yake."

Hapo uso wa daktari ukachangamka. Alikaa, akaweka mikono mezani, akaanza kufundisha.

"Zamani kazi hii ilikuwa kuhesabu. Umemkata mgonjwa titi, umemkata tezi za kwapani, umempa dawa. Miaka ikipita unauliza: yu hai au amekufa? Basi, imekwisha. Siku hizi utafiti umebadilika, Inspekta. Wanataka kujua anaishije. Ule mkono wa upande uliopasuliwa unainuka? Anabeba ndoo? Analima? Analala usingizi? Maana mtu anaweza kuwa hai na bado tiba ikawa imemharibia maisha. Secilia alikuwa anawauliza maswali hayo."

"Na wewe unatafuta nini hasa?"

"Vidonge. Baada ya kupasuliwa, nusu ya wanawake wangu wanavimeza mwaka mmoja, nusu nyingine miaka mitano. Kura ndiyo iliamua nani aingie wapi. Kwenye nchi zenye fedha wanatoa mitano. Mimi nauliza: huku kwetu, mwaka mmoja hautoshi?"

"Unatosha?"

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hajafa hata mmoja. Makundi yote mawili. Unaelewa uzito wake? Wageni wakiondoka hapa, tiba ya mwaka mmoja itapelekwa Biharamulo, itapelekwa kote. Wanawake wangapi watapata, badala ya wachache hawa."

"Felisita wa Bugarama yumo?"

"Yumo. Kundi la mwaka mmoja. Mzima, analima."

"Ulimwona lini?"

"Secilia alimwona."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi ni mtafiti," alisema Bonaventura, na tabasamu likarudi lilikotoka. "Nikianza kuzunguka milimani na viatu vya matope, kazi yangu ataifanya nani?"

Jovina alisimama. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Secilia alikuwa na ugomvi na mtu yeyote?"

"Siku za mwisho alikuwa msumbufu tu. Alikuja hapa akalia, akasema maswali mapya yanamshinda. Nani yu hai, hilo alisema anaweza kujibu. Haya ya ndoo na jembe hawezi tena. Nilimwambia aache uvivu."

Garini, Jovina alilitafakari neno hilo hadi walipouacha mji. Mwanamke aliyefanya kazi ile kwa miaka, akipanda milima kwa baiskeli mbovu, hakuwa mvivu. Kama aliweza kusema huyu yu hai lakini hakuweza kusema huyu ananyanyua mkono hadi wapi, basi hilo la kwanza lilikuwa neno moja la kudanganya, na hayo mengine yalimtaka amtungie marehemu maisha yote.

"Felisita amekufa," alisema.

"Ndivyo nilivyosema mimi," Frednand alijibu kwa furaha.

"Wewe ulisema ameuawa. Kanyaga mafuta."

*

Mvua za vuli zilikuwa zimekolea. Njia nzima hadi Bugarama wanawake walikuwa wameinama mashambani wakipalilia maharage, khanga zimefungwa kiunoni, watoto mgongoni. Walipovuka bonde la mafunjo na kuanza kupanda mlima aliokuwa akiishi Havyarimana, Jovina aligonga dashibodi.

"Simama. Unaona nini?"

"Maharage," alisema Frednand.

"Unamwona nani?"

Frednand alizungusha macho. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni mwa maharage. Shamba baada ya shamba, hakuna mgongo ulioinama. Moshi ulitoka kwenye mapaa, watu walikuwepo, ila mashamba yalikuwa matupu.

"Wavivu," alisema.

"Leo kila mtu mvivu. Kwenu Shinyanga jirani akifa mnalima?"

"Siku ya kuzika hatulimi. Kesho yake kazi kama kawaida."

"Hapa jirani akifa, jembe halipigwi ardhini mpaka matanga yaondolewe. Nyumba zote za karibu. Kwetu Wasubi nako ni hivyo hivyo. Bibi yangu alipokufa Nyabusozi tulikula viazi vya kuomba."

"Si wanamlilia Secilia?"

"Secilia ni wa Rulenge na amezikwa Rulenge. Mgeni anapikiwa, anasindikizwa, anasikitikiwa. Halaziwi majembe."

Waliteremka wakatembea. Jovina hakuuliza mtu kitu. Alipita uani kwa mmoja, akasalimia, akapita kwa mwingine. Kila nyumba jembe lilikuwa limechomekwa chini ya paa, na kila jembe chuma chake kilikuwa kimeshika kutu nyekundu, ile kutu changa ya siku za mvua ambayo mkulima haioni kwa sababu udongo huifuta kila asubuhi. Watu walimwitikia kwa heshima na kukaa kimya. Mlima mzima ulikuwa na adabu ya kutisha.

Nyumba ya mwisho, iliyopakana na ya Havyarimana, ilikuwa ya Anjelika, dada mkubwa wa Felisita. Alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa bapa chini ya blauzi, na mkono wa upande huohuo, wa kushoto, ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ngozi imekaza na kung'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

"Tumekaa. Mkono unauma?"

"Umezoea. Tangu wanipasue ndivyo ulivyo. Wa kulia ndio unafanya kazi ya yote miwili."

"Nawe unameza vidonge vya daktari?"

"Ego, ndiyo. Vya miaka mitano mimi. Bado miwili."

"Mbona hamlimi? Magugu yanakula maharage."

"Mvua imezidi."

"Mlima wa pili pale wanapalilia. Mvua yao ni nyingine?"

Anjelika aliendelea kuchambua mchicha. Jovina alizunguka nyumba, akapita uzio wa matete, akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba ya Havyarimana. Chini ya mgomba mkubwa majani makavu yalikuwa yametandazwa vizuri kuliko kwingine. Alikanyaga. Mguu ukazama hadi kwenye kifundo.

Hapakuwa na msalaba wala ua. Hapakuwa hata na jiwe. Alirudi uani akiwa na tope kiatuni, na Anjelika alipoliona tope hilo akauweka ungo chini.

"Mlimzika bila kulia?"

"Tulilia na nguo mdomoni."

"Kwa nini?"

"Daktari alitwambia kwenye mkutano," alisema Anjelika. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alisema wazungu wanaoleta dawa wanataka kuona watu wazima. Mkifa, mradi unafungwa, dawa zinarudi kwao. Tukaelewana. Sisi wanawake wa mradi, na waume zetu, na majirani. Anayekufa amesafiri. Secilia naye tulimwomba, akakubali. Alimwambia daktari wote wazima."

"Mmewazika wangapi hivyo?"

"Felisita ni wa nne."

Frednand aliacha kuchokonoa meno.

"Mkaacha kulia," Jovina alisema, "mkaacha msalaba, padri hakuitwa. Lakini majembe mmelaza."

"Mwanangu, kulia tumeweza kuacha. Kupiga jembe ardhi iliyommeza mdogo wangu hata kabla hajatulia humo, hilo hakuna aliyeweza. Tulisema tutalima. Asubuhi kila mtu alitoka na jembe lake, akasimama shambani, akarudi ndani."

Jovina alinyanyua mkono akalichomoa jembe la Anjelika chini ya paa. Kutu ilikuwa ileile ya majirani. Mpini ulikuwa mweupe, mbichi, bado una utomvu pale ganda lilipobanduliwa. Alipitisha kidole kwenye kile kichwa kinene cha mpini ambapo chuma hupenya. Kilikuwa cha duara, kikubwa kama ngumi.

"Mpini huu umetiwa lini?"

"Juzijuzi."

"Baada ya Felisita kuzikwa au kabla?"

Anjelika aliokota bua la mchicha chini, akalirudisha kwenye ungo.

"Kwa sababu ungetiwa kabla ya kuzika, ungekuwa umechafuka kwa jasho na tope la palizi. Huu haujalimiwa hata mstari mmoja. Nani anatia mpini mpya kwenye jembe ambalo haliruhusiwi kulima?"

"Wa zamani ulivunjika."

"Ulivunjikia wapi, mama, kama jembe lilikuwa limelazwa?"

Mwanamke yule alitazama jikoni, kwenye mafiga matatu na majivu yake.

"Niliupikia," alisema. "Niliupikia maharage ya watoto."

Kisha akasema yote, kwa mpangilio, akikunja na kukunjua pindo la khanga. Asubuhi ile Havyarimana alikuwa ndani ya kaburi anasawazisha, Felisita amelazwa mkekani pembeni, majirani wamesimama kimya. Secilia akatokea anasukuma baiskeli. Alipoona akakaa chini kwenye matope. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba safari hii atasema, kwa sababu wote wanne ni wa vidonge vya mwaka mmoja, na tiba hiyo sasa inataka kupelekwa kwa wanawake wengine.

"Sikujua maana ya maneno yale," alisema Anjelika. "Nilijua akisema, dawa zangu zimekwisha. Mgeni haondoki peke yake, nikamsindikiza. Nilichukua jembe kana kwamba napita shambani. Tulishuka tunaongea habari za mwanawe anayesoma. Pale kwenye mafunjo aliinama kuvua viatu avuke."

"Ukampiga akiwa ameinama."

"Mara moja. Nina mkono mmoja, ningemkosa ningekuwa sina wa pili."

Frednand alisema kitu kwa Kisukuma na kugeukia pembeni.

"Shemeji yako anajua?"

"Hajui. Alikuwa anafukia. Yeye anachojua ni kiapo. Felisita kabla hajakata roho alimwapisha asiseme kamwe kwamba amekufa, ili mimi dada yake nisikose dawa."

"Leo saa nane anapelekwa ng'ambo wakamuue. Unajua?"

"Najua."

"Na umekaa unachambua mchicha."

Anjelika alimtazama usoni. Hakukuwa na haya wala ukali machoni mwake, hesabu tu iliyokwisha kufanywa.

"Mimi nina watoto watano. Yeye hana hata mmoja."

*

Redio ya gari ilikoroma hadi walipovuka bonde, ndipo sauti ya askari wa zamu ikapatikana. Lori limeshatoka kituoni, iliwaambia. Frednand aliendesha kama mwizi wa gari, na Jovina, aliyezoea kumkemea, hakumkemea. Nyuma, Anjelika alikuwa amefungwa pingu, mkono uliovimba ukiwa hautoshi kwenye chuma, hivyo walimfunga ule wa kulia kwenye bomba la kiti.

Walilikuta kizuizini, mwisho wa mji. Sajini wa msafara alikuwa anajibizana na mtu wa kizuizi juu ya mhuri uliokosekana kwenye karatasi za msafara. Jovina alipanda nyuma ya lori mwenyewe, akapita kati ya watu na mabunda yao, akamkuta Havyarimana amekaa kwenye ubao wa mwisho.

"Huyu ni mtuhumiwa wangu wa mauaji," alimwambia sajini. "Haendi mahali hadi niseme."

"Chukua," alisema sajini. "Mmoja akipungua mafuta yanapungua."

Havyarimana alishuka ameshika mbavu. Alipomwona shemeji yake garini na pingu mkononi, alisimama.

"Umesema?" alimuuliza.

"Wameona majembe," alijibu Anjelika.

"Ndiye aliyemuua Secilia," Jovina alisema. Hakuwa na njia laini ya kulisema, na hakuitafuta.

Mtu yule alimtazama dada wa mkewe. Anjelika alitazama mbele. Kisha Havyarimana alikohoa, akatema damu kidogo kando ya barabara, na Jovina akamshika kiwiko. Kliniki ya mradi ilikuwa hapohapo. Daktari ni daktari, alijisemea, hata angekuwa wa namna gani. Tena alitaka Bonaventura aisikie habari ya Felisita kutoka kwa mumewe.

Daktari alizibinya mbavu za Havyarimana, akasema mbili zimevunjika, akaanza kumzungushia bendeji. Alisikiliza huku akizungusha. Havyarimana alisema mke wangu amekufa. Anjelika, ambaye Frednand alimleta ndani akamketisha kwenye benchi, akataja wengine watatu na vijiji vyao. Bendeji ikasimama.

"Wa kundi gani?"

"Secilia alisema wote ni wa mwaka mmoja," alisema Jovina.

Bonaventura alivua miwani. Jovina alidhani atalia, na kwa dakika moja alimwonea huruma bure.

"Wajinga," daktari alisema polepole. "Wajinga kabisa. Mmeniharibia miaka mitatu ya kazi."

"Eleza."

"Utafiti wa namna hii una sheria, siyo hiari yangu. Wakifa watatu upande mmoja na upande wa pili hakuna, unasimamisha siku hiyohiyo. Wote waliobaki wanapewa tiba kamili. Wote. Vidonge vya miaka mitano vya kila mwanamke vimo kwenye kabati lile, tangu siku ya kwanza. Havikuwa vya kurudi kwa mtu."

"Mbona hukuwaambia?"

"Wakijua, wanaanza kuhesabiana wenyewe. Matokeo yanachafuka."

"Ukawaambia wakifa mradi unafungwa."

"Hilo niliwaambia ili wasiruke siku kumeza dawa. Na walimeza vizuri."

Anjelika alikuwa amefungua mdomo kidogo. Alitazama kabati la bati lililosimama nyuma ya kiti cha daktari, kufuli lake dogo, kisha akautazama mkono wake wa kulia ndani ya pingu.

"Wa tatu alikufa lini?" daktari aliuliza.

"Wakati wa kuvuna mtama," alisema Anjelika.

"Basi Felisita angeanza tena dawa wakati wa mtama."

"Angepona?" Havyarimana aliuliza.

"Huenda." Bonaventura alivaa miwani. "Ndilo swali tulilokuwa tunaliuliza."

Havyarimana alimalizia kufunga bendeji mwenyewe, akachomeka ncha yake ndani, akavaa shati. Alifunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Hakumtazama daktari wala shemeji yake. Akatoka.

Jovina alimkuta ameshafika barabarani. Injini ya lori ilikuwa inanguruma. Mhuri ulikuwa umepatikana.

"Havyarimana. Umesafishwa. Nenda nyumbani, nitaandika wewe ni shahidi."

"Shahidi wa nini? Kaburi mmeliona. Muuaji mnaye."

"Wewe ukienda ng'ambo watakuua, na ulimtunzia kiapo mtu asiyestahili."

"Nilimtunzia Felisita," alisema. "Nami nilinyamaza walipokufa wale watatu, naye akafa kwa kimya hicho."

Aliendelea kutembea, mkono mmoja ubavuni. Jovina alimtangulia, akamwita sajini, akamwambia mtu huyu hapandi.

"Bado ni mtuhumiwa wako?" sajini aliuliza.

Ni neno moja tu lililohitajika, na lilikuwa la uongo. Muuaji alikuwa ameketi kwenye benchi ya kliniki, amekiri mbele ya koplo, na yeye Jovina ndiye aliyethibitisha. Alitafuta sheria nyingine kichwani, na ya shahidi ilitaka karatasi ambayo hakuwa ameiandika. Kwa kumsafisha alikuwa amemtoa mikononi mwake, na aliyebaki barabarani alikuwa mkimbizi asiye na kibali, ambaye jina lake lilikuwa kwenye msafara.

"Subiri nipige redio," alisema. "Nipe muda kidogo."

Havyarimana alikuwa ameshaushika ubao wa nyuma. Wenzake walimvuta juu kwa makwapa, akaguna kwa maumivu, akapata nafasi. Mtu wa kizuizi alikuja na kalamu yake, akamwangalia yule aliyeshushwa na sasa amepanda tena, akauliza kama naye anahesabiwa humo.

Havyarimana alijibu mwenyewe, kabla Jovina hajasema kitu, kwamba anahesabiwa.